Maua Aliyoyachoma Baba Mkubwa

Bariadi, Jumapili mchana

Mwanangu Limi,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua. Saa moja iliyopita umemaliza sahani nzima ya ugali na mboga ya nsansa, ukaramba vidole, ukapanda baiskeli kwenda Nkololo kumuaga bibi yako. U mzima kabisa. Mimi pia ni mzima, ila nimekaa mezani na kalamu ya mdogo wako natoka jasho kuliko siku ya kupalilia, maana tangu nimalize darasa la saba barua zangu zote zimekuwa za kumwombea mtoto mgonjwa ruhusa kwa mwalimu.

Sikuandikii habari za nauli, wala za kufunga begi, wala za michembe ya viazi niliyokuwekea. Hayo nimekuimbia wiki nzima mpaka sasa unaitikia kabla sijafungua mdomo. Nakuandikia kwa sababu ya neno moja ulilolisema leo tulipotoka ibadani. Nilikuuliza kama umeshamuaga baba mkubwa wako Masunga, ukanijibu, "Yule nitamsalimia kwa barua nikifika."

Yule! Kaka wa tumbo moja na baba yako, mtu ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya shamba letu, mwendo ambao kuku anaumaliza bila kupumzika. Miaka kumi sasa unampita na shikamoo ya haraka, mguu mmoja uko hapa na mwingine umeshaondoka. Watu wanadhani una maringo. Mimi najua huna maringo, najua sababu yako, na ninajua kitu ambacho wewe hukijui. Ndiyo maana barua hii sikuificha kwenye begi ili uisome Singida. Nataka uisome leo, jua bado lipo.

Kwanza niache nifurahi kidogo, maana nikianza na lile gumu nitasahau kufurahi. Binti yangu anakwenda Arusha kutunza bustani ya hoteli! Mimi nimezaliwa kwenye pamba, nimeolewa kwenye pamba, na mtoto wangu anakwenda kulipwa mshahara kwa kuotesha maua. Nilipomwambia mama Ngolo wa dukani alidhani nimekosea kusema, akaniuliza, "Maua yanaliwa?" Nikamwambia hayaliwi, yanatazamwa. Akasema kweli huu ni wakati wa ruksa, sasa hata macho yanauziwa bidhaa. Nilicheka mpaka nikasahau sabuni niliyokuwa nimefuata.

Ila Arusha ni baridi, mwanangu, na hapo ndipo nina la kukufundisha ambalo chuo chako pengine hakikulisema vizuri. Unajua kwamba kabla sijaolewa nilikaa Mbulu mwaka mzima kwa shangazi yangu Kabula, aliyekuwa ameolewa na mwalimu. Kule mwezi wa sita unatoka nje asubuhi unaona pumzi yako mwenyewe. Shangazi alikuwa na haibiskasi nyekundu, alamanda ya manjano na bogenvilia, vyote vimesimama nje na vyote vinapita baridi salama. Mimi ndiye nilikuwa mtunzaji, na mimi ndiye niliyekaribia kuviua.

Niliyaonea maua huruma, basi. Niliona majani yananyauka nikasema yana kiu, nikamwagia ndoo nzima jioni. Asubuhi udongo barafu tupu, mizizi imekaa kwenye maji ya baridi usiku kucha, majani meusi. Nikaona meusi nikasema nikate matawi yachipue upya. Yakachipua kweli, vijani laini vya kijani, na baridi ya wiki iliyofuata ikavichoma vyote. Nikatia samadi. Shangazi akatoka na kanga mabegani, akatazama, akasema, "Mtoto wewe, ua la nchi ya joto haliuawi na baridi. Linauawa na huruma."

Akanifundisha, nami nakupa kama nilivyopewa. Baridi ikikaribia, usikate tawi na usitie mbolea, liache ua lisinzie. Maji ni asubuhi, kidogo, jua likiwa limeshatoka. Lile lenye uoga lipande karibu na ukuta unaopigwa na jua la alasiri, maana ukuta hulishika joto na kulirudisha usiku. Shina lifunike nyasi kavu. Na likipukutisha majani yote usilie wala usiling'oe. Kwaruza gome kwa ukucha, ukiona kijani chini yake, liko hai, linakusubiri wewe uache kiherehere. Mimi nimeng'oa mengi yaliyokuwa hai, na niliyajua kuwa yalikuwa hai baada ya kuyatupa.

Nilipoolewa na baba yako nikaja hapa na vijiti vya haibiskasi kwenye kapu. Mama mkwe wangu, bibi yako huyo uliyemfuata leo, alivitazama akauliza ni dawa ya nini. Nilipomwambia ni ya kupendeza tu, alinihurumia siku nyingi. Hapa kwetu baridi si ya Mbulu, ni ule upepo mkavu wa mwezi wa sita mpaka wa nane unaokausha midomo, na asubuhi wachungaji wanajifunika mablanketi. Shida yetu ni maji. Nikawa simwagi ovyo maji ya kufulia wala ya kuoshea vyombo, yote kwenye haibiskasi. Katikati ya kiangazi, nchi nzima rangi ya vumbi, ua wetu ulikuwa mwekundu. Watu walikuwa wanapunguza mwendo wa baiskeli wakipita. Nilijivuna, mwanangu, sikufichi. Nilijivuna mpaka nikapungukiwa akili.

Sasa sikiliza.

Unalijua ua la pamba. Siku ya kwanza linafunguka jeupe la maziwa, kesho yake limekuwa la waridi, kesho kutwa limeanguka. Sisi tunalipita tukiwa na jembe, hatuoni kitu ila gunia la baadaye. Mimi niliyekuwa na ugonjwa wa maua nililiona. Nikajiambia, ukilimwagilia hili kiangazi, si litachanua kama lingine lolote? Baada ya kuvuna, watu walipoanza kung'oa pamba ya zamani, mimi niliacha miche saba nyuma ya bafu la mabua, mahali ambapo mgeni hafiki. Nikaikata juu, nikaimwagilia maji ya kuogea. Mwezi wa nane ikachanua. Limi, ilichanua! Nyeupe na waridi kwenye mche mmoja, wakati nchi imekauka. Nilikuwa nakwenda kuoga mara tatu kwa siku.

Wewe umesoma kilimo, hapo umeshashika kichwa. Hata mimi nilijua. Kila mtoto wa huku anajua: pamba ya zamani inang'olewa yote na kuchomwa kabla ya mvua, ili wadudu wakose chakula kiangazi wafe. Anayeacha hata mche mmoja anawatunzia jirani zake maradhi. Nilijua, nikasema ni miche saba tu. Bwana shamba alipita nyumba kwa nyumba, akasimama mlangoni kwetu akaniuliza, "Mama, masalia ya pamba yameisha?" Nikamjibu, "Yameisha, baba, karibu maji." Hakuingia kukagua. Mimi ni mwanakwaya, angenikagua kwa nini? Akanywa maji akaenda zake.

Msimu uliofuata ndio ulikuwa ule wa wanunuzi binafsi kuanza kuja. Ulikuwa mdogo lakini lazima unakumbuka yale malori, kila moja na mzani wake, wanunuzi wanawagombea wakulima kama wachumba. Baba mkubwa wako alikuwa amelima kuliko wakati wowote. Shamba lake na ua wetu vimepakana, unajua. Alikuwa ameshawaambia watu wote kwamba mwaka huo anaezua nyasi, anaezeka bati, na sauti ya mvua ataisikia kama muziki. Ilipopasuka, pamba yake ilikuwa na madoa ya njano, imechafuliwa na kangambili, wale wadudu wekundu wenye mgongo mweusi. Mnunuzi akaingiza mkono kwenye gunia, akautoa, akasema, "Fifi," yaani pamba chafu ya bei ya chini. Gunia la pili, fifi. Mengi yalikuwa fifi. Bati halikununuliwa mwaka ule, wala mwaka uliofuata.

Nilisikia habari hiyo nikiwa na ndoo ya maji mkononi. Unadhani nilifanya nini? Nilikwenda nikaimwagilia ile miche. Sijui kueleza. Niliogopa, na mkono ukafanya kile ulichozoea.

Mwezi wa kumi ndama wake alikata kamba akakimbilia kwetu. Masunga akamfuata mpaka nyuma ya bafu. Nilikuwa napepeta mtama, nikamsikia ananyamaza. Unamjua yule mzee, akiwa na ng'ombe hanyamazi. Nikaenda. Amesimama mbele ya miche saba ya pamba imejaa maua, na kwenye kila kitumba kangambili wamebanana mpaka hakionekani. Wengine walikuwa wameshahamia kwenye haibiskasi za ua wote.

Akaniuliza polepole, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, hawa unawafuga?"

Nikasema, "Ni maua tu, shemeji."

"Maua." Akachukua moja, akaligeuza kwenye vidole vyake vile vikubwa. "Ni zuri," akasema. "Kumbe ni zuri hivi. Nimelima miaka thelathini sijaliangalia."

Nikaanza kulia. Nikamwambia apeleke habari kwa mwenyekiti wa kijiji, nitatozwa faini na nitasimama mkutanoni, nimestahili. Akaniambia nisiseme upuuzi. "Wakikusimamisha mkutanoni utaimbwa na vijana mpaka Maswa. Baba Limi yuko Lamadi kwenye samaki, atarudi akute mke wake ni wimbo. Lete kiberiti."

Akang'oa ile pamba. Kisha, mbele ya macho yangu, akageukia haibiskasi, akaanza kuzing'oa na zenyewe. Nikamshika mkono nikamwuliza hizo zimefanya nini. Akasema, "Zina wadudu. Halafu nikichoma pamba peke yake mwezi wa kumi, watu watauliza imetoka wapi. Nikichoma yote, watasema Masunga kachukia maua ya shemeji yake. Hilo naliweza."

Na ndivyo walivyosema. Alipoulizwa, alijibu kwamba mapambo hayawezi kunyweshwa maji ya ndama. Sokoni walimcheka mwaka mzima wakimwita adui wa maua, yeye ambaye pamba yake ndiyo iliyoharibika.

Wakati moto unawaka, wewe ukatokea, umetoka shule. Darasa la tatu, madaftari kwenye mfuko wa rambo. Kulikuwa na haibiskasi yako mwenyewe, ile uliyoipanda kwa kijiti ukiwa na miaka saba ukaipa jina la mwalimu wako. Ukaiona juu ya moto. Ulimrukia ukamng'ata mkono. Ulimng'ata hasa, Limi, damu ikatoka, naye hakukusukuma. Alisimama tu umeninginia hapo mpaka meno yakachoka. Alama anayo mpaka leo na huwaonyesha wageni, anawaambia aliumwa na mnyama mkali wa Serengeti.

Nilitaka kusema pale pale. Nilifungua mdomo, naye akanitazama akatikisa kichwa. Jioni, ulipokuwa umelala bila kula, nilikwenda kwake nikamwambia siwezi, mtoto anamchukia mtu asiye na kosa, kesho namwambia. Naandika maneno yake kama alivyoyasema, maana nimeishi nayo miaka kumi. Alisema, "Mwache. Akinichukia mimi, ana mama wa kumlilia. Akikuchukia wewe, atamlilia nani?"

Nikakubali. Ulikuwa mdogo, na kwa mwaka mmoja au miwili nadhani alikuwa sahihi. Lakini ukafika darasa la saba, ukafika sekondari, ukawa unanizidi urefu, na mimi bado niko kimya, kwa sababu kupendwa ni kutamu na nilizoea. Kila ulipokataa kula kwake sikukuu, mimi ndiye nilikuwa nakula aibu ile, na nilikuwa naimeza vizuri tu. Miche saba ya pamba ilikuwa upumbavu wa mwanamke mwenye maringo. Kosa langu hasa ni miaka hii iliyofuata.

Bado kuna jambo moja. Mvua za kwanza za mwaka ule ule, Masunga alikwenda mjini kuuza mbuzi. Akarudi na gunia bichi limefungwa kamba, ndani vijiti kumi na viwili vya bogenvilia. Alikuwa amemwomba mwenye gesti mpya pale karibu na stendi, akamhoji mpaka akachoka kama kuna mdudu wa pamba anayeula ule mti. "Hakuna," akaniambia, kwa furaha ya mtu aliyegundua dawa. "Huyu bogenvilia ana miiba. Na maji hataki sana. Ukimnyima maji ndiyo anachanua, mwenye gesti kaapa." Akachimba mashimo mwenyewe alfajiri ukiwa umelala. Akaniagiza nikwambie nimevinunua sokoni.

Kwa hiyo lile ua lenye rangi ya zambarau unalolipenda, lililokufundisha kukata vijiti na kuotesha kwenye makopo, ulilouza miche yake kwa kila mwenye gesti na kila mwenye nyumba mpya ya bati hapa Bariadi mpaka ukajinunulia sare za sekondari, lililokufanya uchague chuo cha kilimo na kuandika kwenye fomu neno ambalo sikuwahi kuona mtoto wa Kisukuma akiliandika, "maua", lilitoka mkononi mwa baba mkubwa. Mkono huo huo wenye alama yako. Ulipopata barua ya Arusha, mtu wa kwanza niliyemwambia baada ya baba yako ni yeye. Alikaa chini. Akauliza kama kule kuna baridi kali, nikasema ipo. Akasema, "Atajua la kufanya. Huyo hata mimi alinijulia." Kisha akacheka peke yake muda mrefu.

Baba yako nilimweleza mwaka jana. Nilidhani atakasirika, akacheka mpaka akakohoa, akasema anajiuliza tu nilikuwa naoga mara tatu kwa siku kwa ajili ya nani. Mwanaume akishakula samaki wa Lamadi akili inakuwa nyepesi. Masunga mwenyewe nimemwambia tuliporudi ibadani kwamba leo nakuandikia. Alisema nisikuharibie safari. Nikamwambia safari imeharibika miaka kumi iliyopita, leo naitengeneza. Akavaa shati safi. Sasa hivi nikichungulia dirishani namwona amekaa nje ya nyumba yake, siku ya Jumapili, hana kazi hata moja, amejifanya anasuka kamba.

Mwanangu, nina furaha nyingi leo, na hofu moja. Furaha unazijua, zimejaa nyumba nzima, hata kuku wanajua kuna mtu anakwenda Arusha. Hofu ni kwamba utaisoma barua hii utanitazama kwa yale macho uliyomtazama nayo yeye. Nimejiuliza sana kama ningeweza kungoja, nikuandikie ukiwa umeshafika mbali, ambako macho hayo yasingenifikia. Ningeweza. Lakini yeye ana miaka sabini, na wewe utarudi lini sijui.

Nenda sasa hivi. Usibadilishe nguo. Umwamkie kwa Kisukuma, upige magoti kama binti yake, ukae mpaka akupe chakula, na ukile.

Na kama una hasira, Limi, usimpelekee yeye tena. Aliibeba ya kwangu ya kutosha. Niletee mimi mwenyewe. Nipo jikoni, sitatoka.

Mama yako